Tundu la Hedifoni na Simu ya Haki

Tarehe 30 Septemba 2021 kampuni ya Fairphone, yenye makao yake Amsterdam nchini Uholanzi, ilitangaza simu yake ya nne. Kwa desturi simu mpya ya kampuni hiyo hupokewa na wafuasi wake kwa furaha. Safari hii furaha ilichanganyika na manung'uniko, na chanzo chake kilikuwa tundu moja dogo, lenye kipenyo cha milimita 3.5, ambalo simu ya tatu ilikuwa nalo na ya nne haikuwa nalo. Wakati huo huo kampuni ilianza kuuza hedifoni zake zisizo na waya. Wanunuzi wengi waliona kwamba habari hizo mbili zilikuwa habari moja.

Kuondoa tundu la hedifoni halikuwa jambo geni. Apple ilikuwa imeliondoa mwaka 2016 katika iPhone 7, na mmoja wa wakuu wake akauita uamuzi huo ushujaa. Google ikafuata mwaka 2017. Samsung, ambayo kwa muda ilijisifu kwamba simu zake bado zina tundu, nayo ililiondoa katika simu zake kubwa kuanzia mwaka 2019. Lakini hakuna aliyetarajia kampuni hizo zifanye vingine, kwa kuwa biashara yao ni kuuza vitu vipya kila mwaka. Fairphone ilizaliwa kwa nia tofauti. Ilianza mwaka 2010 kama kampeni ya kuwafahamisha watu wa Ulaya juu ya madini yanayochimbwa katika maeneo ya vita huko Kongo, ikawa kampuni mwaka 2013, na simu yake ya kwanza ilitumia bati la Kivu Kusini na tantali ya Katanga kutoka machimbo yaliyothibitishwa kuwa hayawalipi wenye silaha. Baadaye iliongeza tangsteni ya Rwanda, na tangu mwaka 2020 imeshiriki katika juhudi za kuboresha hali ya wachimbaji wadogo wa kobalti mjini Kolwezi. Ahadi yake ya pili ni kwamba mwenye simu ataweza kuifungua mwenyewe kwa bisibisi, abadilishe kilichoharibika, na kuitumia kwa miaka mingi. Simu ya namna hiyo yaweza kuitwa simu ya haki. Swali basi ni hili: je, mtengenezaji wa simu ya haki analazimika kulibakiza tundu la hedifoni?

Kabla ya kulijibu, yafaa ieleweke tundu hilo hufanya kazi gani.

Pini ya hedifoni ikitazamwa kwa makini itaonekana imegawanywa na vipete vyeusi vya plastiki, ambayo haipitishi umeme. Pini ya kawaida ina sehemu tatu za metali: ncha, pete na shina. Ncha huchukua sauti ya sikio la kushoto, pete huchukua ya sikio la kulia, na shina ni njia ya pamoja ya kurudishia mkondo wa umeme. Hedifoni yenye maikrofoni huwa na sehemu nne. Ndani ya tundu mna vibati vyenye uspringi vinavyozigusa sehemu hizo, kila kimoja mahali pake. Basi, ufundi wake ndio huo.

Muziki uliohifadhiwa ndani ya simu si sauti, bali ni orodha ndefu ya namba. Kifaa kidogo cha elektroniki huzibadili namba hizo kuwa volteji inayopanda na kushuka, na amplifaya huipa nguvu ya kutosha kuusukuma mkondo katika waya. Mkondo huo hupita katika koili nyembamba iliyo karibu na sumaku, na koili imegandishwa kwenye kiwambo chepesi. Kwa kuwa waya unaopitisha umeme ndani ya uga wa sumaku husukumwa, kiwambo hucheza mbele na nyuma na kuisukuma hewa. Nota ya La, ambayo wanamuziki huitumia kulinganishia ala zao, huufanya mkondo ukamilishe mizunguko 440 kila sekunde, na kiwambo hucheza mara hizo hizo. Nguvu inayohitajika huhesabiwa kwa sehemu za elfu za wati, na yote hutoka katika betri ya simu. Hedifoni yenyewe haina betri, haina programu, wala haina kitu cha kuzeeka isipokuwa waya, kiwambo na sponji.

Mwalimu wa fizikia anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa namna ambayo wanafunzi hawataisahau. Achukue hedifoni kuukuu, aichomeke katika tundu la maikrofoni la kompyuta au la kinasa sauti, kisha mwanafunzi aseme karibu na kiwambo chake. Sauti itanaswa, ingawa kwa unyonge. Kiwambo kimeisogeza koili mbele ya sumaku na umeme umezalishwa, kama Faraday alivyoonyesha mwaka 1831. Chombo ni kile kile, kazi imegeuzwa.

Asili ya pini hii ni vibao vya kuunganishia simu vya mwisho wa karne ya 19, ambako wafanyakazi waliunganisha wapigaji kwa kuchomeka waya kutoka tundu hili hadi lile. Pini za wakati huo zilikuwa na kipenyo cha milimita 6.35, na gitaa za umeme zinazitumia hadi leo. Ile ndogo ya milimita 3.5 ilikuja na redio za transista, na ilipofika mwaka 1979 Walkman ya Sony iliisambaza duniani kote. Mtu aliyetunza hedifoni ya miaka hiyo anaweza kuichomeka katika Fairphone ya tatu, iliyotoka mwaka 2019, na ikapiga. Ni vyombo vichache vya elektroniki za nyumbani ambavyo vimeelewana na wenzao kwa muda mrefu hivyo, na kwa kampuni inayohubiri udumifu wa vitu hilo si jambo dogo.

Sababu ambazo Fairphone ilizitoa zilikuwa mbili: kuipatia simu kinga rasmi dhidi ya vumbi na maji, na kupunguza unene. Zinastahili kupimwa moja moja.

Kinga ya simu ya nne iliandikwa IP54. Tarakimu ya kwanza yahusu vumbi: 5 maana yake ni kwamba vumbi linaweza kupenya kidogo, lakini si kiasi cha kuzuia kazi. Ya pili yahusu maji: 4 maana yake ni kwamba simu huvumilia kurushiwa matone kutoka kila upande. Kila tundu ni mlango wa vumbi na maji, na huo ni ukweli. Lakini tundu la hedifoni laweza kutengenezwa kama kikombe kilichozibwa nyuma, hata maji yakiingia yakaishia humo. Galaxy S7 ya Samsung, iliyotoka mwaka 2016, ilikuwa na tundu hilo na ilikuwa na kinga ya IP68, yaani kuvumilia kuzamishwa majini. Mtetezi wa Fairphone atajibu kwamba simu hiyo ilifungwa kwa gundi, na kuifungua kulihitaji moto na ustadi, ambapo simu ya haki lazima ifunguke kwa mkono. Jibu hilo lina uzito. Hata hivyo Samsung hiyo hiyo ilitoa XCover Pro mwaka 2020 na XCover6 Pro mwaka 2022, simu za watu wa kazi za nje, ambazo kifuniko chake hufunguliwa kwa kucha, betri yake hutolewa kwa mkono, kinga yake ni IP68, na tundu la hedifoni limo. Kwa hiyo kisayansi jambo hili linawezekana. Labda ni ghali kwa kampuni ndogo isiyo na wahandisi na mitambo ya Samsung. Lakini ughali na kutowezekana ni vitu viwili.

Kuhusu unene, hoja ni dhaifu zaidi. Fairphone ya nne ina unene wa milimita 10.5, na ni nene kidogo kuliko ya tatu iliyokuwa na tundu. Kinachopotea hasa si unene bali ujazo: pini huingia ndani kiasi cha milimita 14, na nafasi hiyo yaweza kupewa betri au kamera. Mhandisi ana haki ya kuitamani. Haifai tu kuiita kwa jina lisilo lake.

Tundu likiondoka, wengi huhamia hedifoni zisizo na waya, na hapo ndipo hesabu ya haki inapokuwa nzito. Jozi moja ya hedifoni hizo ina betri tatu: moja katika kila sikio na moja katika kijaluba cha kuzichajia. Zote ni betri za ioni za lithi. Betri ya aina hii huchakaa kwa kutumiwa. Kila ichajiwapo na kuishiwa, sehemu ndogo ya lithi hunaswa katika tabaka linalojijenga juu ya elektrodi na hairudi tena kazini. Kadirio la kawaida ni kwamba baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500 hivi, betri hubaki na asilimia 80 ya uwezo wake wa awali. Ichukuliwe kwamba hedifoni hudumu saa 5 kwa chaji moja, na mwenyewe huisikiliza saa 4 kwa siku. Kwa mwaka atakuwa ameichaji mara 292. Mara 500 zitatimia kabla ya miaka miwili kwisha. Betri ya simu nayo huchakaa vivyo hivyo, ila mwenye Fairphone ya nne huibadilisha kwa dakika moja bila kifaa chochote. Hedifoni nyingi zisizo na waya zimefungwa kwa gundi, na betri yake ikichoka jozi nzima hutupwa. Hata zile ambazo Fairphone yenyewe iliziuza mwaka 2021 hazikuwa na betri ya kubadilishwa na mwenyewe. Hilo ndilo lililowaudhi wateja wake kuliko tundu lenyewe.

Yupo atakayesema kwamba betri hizo ni ndogo mno kustahili mjadala. Betri ya sikio moja huwa na uwezo wa kama milliampea-saa 50 tu, ambapo ile ya Fairphone ya nne ina 3,905, yaani karibu mara 78. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haijakamilika. Pakiongezwa betri ya kijaluba, ambayo yaweza kufika 500, jozi nzima hufika 600. Mtu anayeitunza simu yake miaka sita, kama Fairphone inavyomhimiza, huku akinunua jozi mpya kila baada ya miaka miwili, atakuwa ametumia jozi tatu zenye jumla ya 1,800, ambayo inakaribia nusu ya betri ya simu. Na betri ndogo za jinsi hii kwa kawaida hutumia oksidi ya lithi na kobalti. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, kiasi cha robo tatu au pungufu kidogo, huchimbwa Kongo, katika Katanga ya zamani, na sehemu yake huchimbwa kwa sururu na koleo katika mashimo yasiyo na nguzo. Kampuni iliyokwenda Kolwezi kuwasaidia wachimbaji hao inajua gharama ya kila gramu.

Taka ni upande wa pili wa jambo hilo hilo. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na kwamba asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Vitu vidogo ndivyo vinavyopotea kwa urahisi. Simu mbovu ina thamani kwa fundi. Kipande cha plastiki cha gramu tano chenye betri iliyogandishwa ndani hakimshawishi mtu yeyote kukifungua, na huishia jalalani, ambako betri iliyopondwa yaweza kuwasha moto.

Ni haki pia kusema kwamba Fairphone haikuziba masikio. Mwaka 2023 ilitoa hedifoni kubwa za kufunika masikio zinazofunguliwa sehemu kwa sehemu, na mwaka 2024 ikatoa ndogo za ndani ya sikio ambazo betri zake, pamoja na ya kijaluba, hubadilishwa na mwenyewe. Wahandisi wengi walikuwa wakidai kwamba haiwezekani kuweka betri ya kubadilishwa ndani ya kitu kidogo kiasi hicho. Imewezekana.

Kuna hasara nyingine ambayo mijadala ya Ulaya huigusa mara chache, nayo inawahusu zaidi watu wa Afrika Mashariki. Simu nyingi zina chombo cha kupokea redio ya FM, nacho hakifanyi kazi mpaka hedifoni yenye waya ichomekwe. Sababu yake ni somo zuri la mawimbi. Urefu wa wimbi hupatikana kwa kugawanya mwendo wa mwanga kwa idadi ya mizunguko kwa sekunde. Kituo kinachorusha matangazo katika megahezi 100 kina wimbi la urefu wa 300,000,000 gawanya kwa 100,000,000, yaani mita 3. Antena rahisi hufanya kazi vizuri ikiwa na urefu wa robo ya wimbi, ambao hapa ni sentimita 75. Simu yenyewe haifiki hata sentimita 20. Waya wa hedifoni, ambao kwa kawaida ni mita moja na ushei, ndio unaotumiwa kama antena: waya ule ule unaopeleka sauti masikioni huleta mawimbi kutoka hewani, na mawili hayo hayagongani kwa kuwa mizunguko yake imeachana mno. Ukiondoa tundu, umeondoa antena. Redio ya FM haihitaji bando, wala mnara wa simu, wala kujiandikisha. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, Kenya ilirusha vipindi vya masomo kwa redio, na mwanafunzi ambaye chombo pekee cha nyumbani kilikuwa simu ya bei nafuu yenye FM aliweza kusikiliza bure. Fairphone haiuzi simu zake katika nchi hizi, na simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa huku bado zina tundu. Lakini mitindo ya simu za ghali huteremka, na kampuni inayotazamwa kama kielelezo cha haki ikishalitupa tundu, ni nani atakayelaumiwa akilitupa baada yake?

Kwa wasiotaka betri, dawa iliyopendekezwa ni waya mfupi wa kuunganishia, unaochomekwa katika tundu la chaja la USB-C upande mmoja na kupokea pini ya hedifoni upande wa pili. Ni dawa ya kweli, ila ina machungu yake. Baadhi ya simu hupitisha sauti ikiwa tayari imegeuzwa kuwa volteji. Nyingine hupitisha namba tupu, na waya lazima uwe na kigeuzi chake ndani. Kwa macho nyaya hizo mbili hazitofautiani, na mwenye kununua ule usiolingana na simu yake hupata kimya. Aidha tundu moja sasa linabeba kazi mbili. Mwenye simu hawezi kuchaji na kusikiliza kwa wakati mmoja bila kununua kifaa kingine tena, na mwalimu anayeunganisha simu na spika ya darasani ili wanafunzi wasikilize zoezi la lugha analijua tatizo hilo betri inapokuwa chini. Tundu la USB-C limekusudiwa kustahimili kuchomekwa mara 10,000, na katika Fairphone hubadilishwa kwa bisibisi, kwa hiyo kuchakaa kwake si msiba. Katika simu ya tatu, hata hivyo, tundu la hedifoni nalo lilikuwa kwenye kipande cha juu kinachobadilishwa kwa bisibisi hiyo hiyo. Mzigo uligawanywa kwa wawili, na wote wawili walitibika.

Inabaki hoja moja ya upande wa kampuni ambayo ni nzito kweli kweli. Fairphone hushindana katika soko la Ulaya, ambako wanunuzi wengi wameshazoea hedifoni zisizo na waya, na simu inayoonekana ya kizamani hainunuliwi. Simu isiyonunuliwa haimsaidii mchimbaji wa Kivu wala haipunguzi taka. Kama kuliondoa tundu kulileta wateja wapya waliokuwa wakinunua simu za gundi, huenda hesabu ya jumla ikaiunga mkono kampuni. Hiyo ni hoja ya biashara, na ingetolewa kama hoja ya biashara wengi wangeipokea kwa heshima. Kuivisha joho la vumbi na maji ndiko kulikoifanya ionekane ya hila.

Kwa kupima yote, kiufundi na kimazingira uzito unaelemea upande wa kulibakiza. Uzito wa tundu na malighafi yake ni kidogo mno. Linatumia hedifoni ambazo tayari zimo majumbani mwa watu, na hakuna kifaa chenye madhara madogo kwa mazingira kuliko kile ambacho tayari kimetengenezwa. Kampuni isiyoweza kulibakiza ina wajibu wa angalau mambo mawili: kuweka waya wa kuunganishia ndani ya boksi la simu au kuuza kwa bei ya chini kabisa ule unaoafikiana nayo, na kutouza hedifoni ambayo betri yake haibadilishwi. La pili Fairphone imelitimiza, baada ya miaka mitatu. Tundu lenyewe halikurudi, si katika simu ya tano ya mwaka 2023, wala katika ya sita ya mwaka 2025.

Sheria sasa inaingia katika shauri hili. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu betri inataka kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka, isipokuwa vichache vilivyosamehewa, ziweze kutolewa na kubadilishwa na mwenye kifaa. Ikitekelezwa kwa ukamilifu, hedifoni za gundi zitatoweka katika maduka ya Ulaya, na hoja ya betri iliyo kubwa leo itapungua nguvu. Hoja ya antena haiguswi na kanuni hiyo. Wimbi la mita tatu litaendelea kuhitaji waya.